Magoti ya Perepetwa Nakitto

Walimu wa shule ya parokia hawanipi nafasi ya kupumua. Wanataka maisha ya watu wa kijiji hiki yaandikwe kabla sisi wazee hatujafukiwa, na eti mimi niandike ya Perepetwa Nakitto kwa sababu migomba yangu imepakana na yao. Mabinti waliosoma mpaka wakavaa miwani wapo, lakini kalamu inaletwa kwa mtu aliyetoka shule kabla herufi zake hazijajua kukaa kwenye mstari. Haya, nipeni. Ila asiguse mtu neno langu hata moja.

Perepetwa alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, hata baba yake, Aloyizi Ssenkungu, alimtoa zahanati ndani ya kikapu cha kuchumia kahawa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa. Siku aliposimama, ameshikilia mgomba, alisimama kwa ncha za vidole, magoti yamepinda na kugongana kama ya mtoto aliyebanwa na mkojo. Mama yake, Goreti, alisema visigino vitashuka akikua. Havikushuka. Alikua yeye, vyenyewe vikabaki juu.

Masista wa hospitali ya mlimani ndio waliosema jina la ugonjwa, mtindio wa ubongo. Wakaeleza kwamba akili ya mtoto ni nzima, ila ubongo unaiamrisha miguu vibaya, unaikaza usiku na mchana bila kuipumzisha, na kano zinabaki fupi huku mifupa inarefuka. Goreti alirudi nyumbani akayarudia maneno hayo kwa kila aliyeuliza, na waliouliza walikuwa wengi, maana huku kwetu upande wa Masaka mguu wa mtoto wako ni habari ya kila mtu.

Watoto wenziwe hawakuhitaji maelezo. Walimwona anavyotembea kwa kunyata, wakampigia kelele njiani.

"Perepetwa, umeiba kuku wa nani? Mrudishe!"

"Nimemwiba mama yako," alijibu. "Kimbia ukamwangalie kama bado yuko bandani."

Mdomo wake haukuwa na kasoro yoyote.

Kitu kimoja tu alikitaka, na wote wa nyumba ile walikijua. Alitaka kuteka maji kule bondeni na kuyapandisha kwa kichwa chake mwenyewe. Wasichana wa rika lake walipanda kilima asubuhi madumu ya manjano yamekaa utosini, mikono inaning'inia, shingo zimenyooka, wanasengenya na kucheka na tone halimwagiki. Yeye alibeba kibuyu mkononi, na kwa kuyumba kwake alifika nyumbani na maji ya kunawa uso. Siku moja alijitwika dumu kwa siri. Lilimwangukia begani, likamtupa kwenye mtaro, na aliyemwokota alikuwa shangazi yake, Bibiyana, dada mkubwa wa Aloyizi.

"Unataka kujiua kwa maji ya kuoshea masufuria?" Bibiyana alimfokea, huku anamfuta matope kwa pindo la busuti, gauni lake jipya la heshima. "Kaa na mimi tumenye matoke. Kumenya hakuhitaji miguu."

Bibiyana alimpenda mtoto yule. Liandikwe hilo mapema, lisije likapotea huko mbele.

Na palikuwa na mahali pamoja ambapo Perepetwa hakuwa kilema. Ni pale alipopiga magoti. Kwetu msichana hasalimii amesimama. Mgeni akiingia unashuka chini, unauliza habari za huko atokako, naye anajibu, mnaitikiana mmm, na mmm, na mmm, mpaka habari zote za ukoo na ng'ombe mmezitoa, ndipo unainuka. Wenziwe walichoka, walijikuna, waliegemea upande. Perepetwa, ambaye magoti yake yalizaliwa yamekunjwa, alishuka kabla mgeni hajavua viatu na alikaa pale ametulia kama sanamu ya kanisani. Akiwa chini hakuna aliyeona vidole wala visigino. Waliona uso mzuri na mgongo ulionyooka. "Mtoto wa Aloyizi ana adabu," walisema wageni. Sifa nyingine hakupata popote, basi hiyo aliishika kwa mikono miwili.

Alipokuwa anakaribia kuvunja ungo, akaja hospitali ya mlimani daktari wa upasuaji, Tumwesige, mtu wa magharibi kule kwenye milima ya baridi. Alimlaza Perepetwa mezani, akajaribu kumnyoosha goti, likagoma. Akamtembeza ukumbini tena na tena huku amechuchumaa anatazama. Kisha akawaambia Aloyizi na Goreti kwamba asipokatwa sasa, uzito ukiongezeka hatatembea kabisa. Ila akikatwa sehemu zote kwa siku moja, yaani mapajani kwa ndani, nyuma ya magoti na juu ya visigino, kano zirefushwe, basi atasimama.

"Atabeba dumu?" aliuliza Perepetwa kutoka mezani.

"Dumu gani?"

"La maji. Kichwani."

Daktari alicheka, kisha akaona kwamba ni yeye peke yake anayecheka. "Dogo, pengine. Lakini nisikilizeni. Kisu changu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine mtaifanya nyumbani. Plasta ikitoka, kila usiku analala miguu imefungwa kwenye vibao, imenyooka. Mchana akikaa, miguu mbele, imenyooka. Asikae amekunja na asipige magoti mpaka nimwambie. Kano mpya ni kama ngozi mbichi, inakaukia pale ulipoiacha."

Aloyizi alijikohoza. "Daktari, anyooshe miguu mbele za watu? Msichana? Hata mbele ya wageni?"

"Hata mbele ya Kabaka."

Njiani kurudi, walipofika darajani, Aloyizi alisimama. "Huyu ni Mkiga," alisema. "Kwao wanakumbatiana tu, magoti hawayajui kazi yake." Goreti akamjibu, "Basi mtafute Muganda atakayemkata." Hapakuwa na mwingine. Wakampeleka.

Alirudi na plasta tangu mapajani hadi vidoleni, miguu miwili, imetenganishwa kwa fimbo katikati, hata mlangoni ilibidi aingizwe kwa ubavu kama kitanda. Misuli ilikuwa bado haijajua kwamba imeshindwa. Ilirukaruka ndani ya plasta na kumvuta, na Perepetwa alilia mpaka sisi wa shamba la pili tukamsikia. Plasta ilipokatwa ilitoka miguu myembamba, imepauka kama mizizi, lakini imenyooka. Akasimamishwa kwenye fremu ya mbao. Visigino vilikuwa chini. Aliviangalia muda mrefu kama mtu aliyepewa viatu vya mtu mwingine.

Ikaja sasa ile nusu ya nyumbani. Goreti alimfunga vibao kila jioni, akakaza mikanda na huku anasali rozari ili asisikie matusi. Mchana Perepetwa alikaa mkekani miguu mbele. Wageni walipoingia walishtuka. Mzee mmoja wa ukoo alisimama mlangoni akakataa kukaa.

"Aloyizi, huyu ananionyesha nyayo?"

"Anakusalimu kwa mdomo, sebo, bwana wangu," alisema Aloyizi. "Miguu iko kazini."

Akawa anasema hivyo kwa kila mtu. Kwa katekista, kwa mnunuzi wa kahawa, kwa dada yake Bibiyana aliyekuja na kanga mkononi ili amfunike. "Miguu iko kazini, iache." Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini nyumba ni ya mwenye nyumba. Perepetwa mwenyewe ndiye aliyeona aibu kuliko wote. Kila mgeni alipoingia, mwili wake ulitaka kushuka wenyewe, na baba yake alimkazia macho mpaka akatulia.

Basi akatembea. Kwanza kwa fremu, baadaye kwa fimbo, baadaye bila kitu kutoka mlangoni hadi kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Hakutembea kama wewe. Alipeleka mwili kushoto na kulia kama mtu aliye ndani ya lori. Lakini alikanyaga kwa unyayo mzima. Na asubuhi moja, mvua zimekatika, aliteremka bondeni, akateka dumu dogo, lile la mafuta ya kupikia, akaweka kata ya majani ya mgomba kichwani, akajitwika. Aloyizi alitembea nyuma yake, mikono imepanuliwa kama anayefukuza mbuzi, hamgusi. Wanawake waliokuwa wanapanda walisimama kando ya njia kuwapisha. Hakuna aliyepiga vigelegele, tuliogopa angeshtuka. Maji yalimwagika, yakamlowesha bega, lakini yaliyofika yalitosha kupikia chai, na Aloyizi alikunywa chai ile amesimama, akisema ni tamu wakati sukari haikuwamo.

Hiyo ilikuwa asubuhi moja. Hapakuwa na nyingi.

Kabla msimu wa kahawa haujafika, Aloyizi alianguka kati ya mibuni yake, kapu bado mgongoni. Waliomkuta walidhani amelala.

Mnajua wenyewe msiba wetu ulivyo. Marehemu amefungwa kwenye kitambaa cha gome la mti, nyumba imetolewa viti, sakafuni yametandazwa majani makavu ya migomba, na watu wanakuja. Wanakuja kuzika na wanabaki. Goreti, mjane, aliwekwa pembeni mwa chumba akafunikwa, kazi yake ni kukaa na kulia. Mjane haondoki, haamrishi, hapandishi sauti. Nyumba ikawa chini ya Bibiyana.

Bibiyana alimkuta Perepetwa amekaa ukutani, miguu mbele, na waombolezaji wanamruka.

"Inuka," alimwambia.

"Shangazi, daktari alisema..."

"Daktari alisema kaka yangu atakufa? Ukoo mzima unaingia mlango huu kumlilia baba yako, wewe unawaelekezea nyayo. Watasema Aloyizi aliacha mtoto au aliacha gogo?"

"Baba alisema miguu iko kazini."

"Baba yako yuko kwenye gome, mwanangu," alisema Bibiyana. Akakaa chini, akamshika Perepetwa uso. "Kwa siku hizi tu. Msindikize baba yako kwa heshima. Wakishaondoka, nitakufunga vibao mwenyewe."

Goreti alisikia yote kutoka pembeni. "Bibiyana, mwache mtoto," alisema chini ya nguo yake, na wanawake waliokuwa karibu wakamnyamazisha, "Shii, wewe lia." Akalia.

Perepetwa angeweza kukataa. Mdomo alikuwa nao, na mtu aliyemfahamu angetegemea akatae. Lakini aliangalia mlangoni, akaona wazee wa ukoo wanaingia mfululizo, na macho ya baba yake hayakuwapo kumzuia. Akakunja miguu. Nyuma ya magoti pakavuta, pakauma, kisha maumivu yakalegea, na akajikuta amefika pale alipokuwa anapajua tangu utotoni. Mgongo ukanyooka. "Pole, mwanangu," alisema mzee wa kwanza, yule yule aliyekataa kukaa. "Mmm." "Umebaki na nani?" "Nimebaki na mama." "Mmm." "Mmm." Alipoondoka alimwambia aliyemfuata, "Binti wa Aloyizi amelelewa." Perepetwa alisikia. Akakaa hivyo hadi jua likapinduka.

Vibao Bibiyana alivitundika kwenye msumari, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, visikanyagwe.

Zile "siku hizi tu" za Bibiyana hazikuwa hizi tu. Ukoo uligombania mrithi. Huyu alisema awe mtoto wa kaka mkubwa, yule alisema huyo ni mlevi atakayeuza mibuni, na mrithi asipopatikana matanga hayafungwi, na matanga yasipofungwa mjane hatoki, wageni hawakomi, magoti hayainuki. Maharagwe yalipandwa, yakachanua, yakavunwa. Perepetwa aliamkia magotini na kulala amejikunja katikati ya wanawake kwenye yale majani, miguu tumboni, kwa sababu nafasi ya kunyoosha haikuwapo na hakuna aliyeitengeneza. Siku ya kwenda hospitali ilipita. Goreti aliihesabu ikija, aliihesabu ikienda, akiwa chini ya nguo yake.

Siku matanga yalipofungwa, mrithi amevishwa gome na kukabidhiwa mkuki, watu wamekula wamecheza, Goreti alitoka pembeni moja kwa moja hadi kwenye msumari. Akamlaza Perepetwa mkekani, akaweka kibao chini ya mguu. Paja lililala kwenye kibao, kisigino kililala, na goti likabaki juu. Mkono wa Goreti ulipita chini yake bila kugusa. Alibonyeza. Perepetwa alipiga yowe. Bibiyana alikuwa mlangoni ameshika sinia la mabaki ya karamu.

"Kaza mkanda," alisema Bibiyana.

"Kaza wewe," alisema Goreti. "Uliahidi."

Bibiyana alitua sinia, akapiga magoti, akauvuta ule mkanda mpaka kidole kikamvuja damu. Goti halikushuka. Akaendelea kuvuta, na Perepetwa ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Basi, shangazi."

Daktari Tumwesige aliwapokea bila kufoka, na ndipo Goreti akajua kwamba hali ni mbaya.

"Kata tena," alisema Goreti.

"Nyama hii nimeshaikata, nyabo, mama yangu, imejaa kovu. Nikizirefusha tena kano zile zitakuwa kamba iliyolegea, hazitashika kitu." Alimwomba Perepetwa asimame. "Ona. Zamani alisimama kwa vidole, vidole vilimshikilia. Visigino nimevishusha, havirudi juu. Sasa goti limejikunja na kisigino kiko chini. Ni kama anakaa na kiti hakuna. Mapaja yatachoka."

"Kwa hiyo tulifanya vibaya kumleta?"

Daktari alimkalisha Perepetwa kwanza. "Mlifanya vizuri. Mimi niliwaambia asipige magoti, sikuuliza mtafanyaje pakitokea msiba. Kwetu hatukai hivyo." Kisha akasema kuna kazi ya kukata mfupa wa paja wenyewe na kuunyoosha, ila mpaka amalize kukua, na haifanyiki pale. Alipomaliza kukua, Tumwesige alikuwa amehamishwa, na aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa meno.

Hivyo ndivyo Perepetwa alivyo hadi leo, mwanamke mzima. Anatembea kwa fimbo mbili amechuchumaa, kutoka kitandani hadi barazani, na siku nzuri hadi kwenye mibuni. Bondeni hajateremka tena. Anasuka mikeka ya ukindu, yenye mistari ya zambarau ambayo wengine hawaipati, na wanaokuja kununua humkuta amekaa miguu mbele, imenyooka kadiri inavyokubali. Hakuna anayemkemea sasa. Vile vibao viko kwenye msumari ule ule. Panya wamekula mikanda.

Goreti alimfuata mumewe. Waliobaki nyumbani ni Perepetwa na Bibiyana, ambaye macho yamekwisha na maji analetewa na watoto wa jirani. Perepetwa anammenyea matoke, anayafunga kwenye majani, anapika amekaa. Jambo lile hawalizungumzi. Mara moja tu, wanakunywa uji, Bibiyana aligeuza uso upande alikodhani mwenzake yuko.

"Ulikuwa na adabu sana wewe," alisema.

"Nilikuwa nayo," alijibu Perepetwa, akamwongezea uji.

Na bado watu wanamtaka magoti. Nimeona kwa macho yangu, mgeni anaingia uani kwake, anasimama, anangoja. Na yeye, kwa ukaidi au kwa mazoea, sijui, anaachia fimbo na kushuka. Kushuka anaweza, hicho ndicho kitu pekee miguu ile inachokiweza. Kuinuka ndiko asikoweza, na mgeni akishamaliza mmm zake huenda zake, akamwacha pale sakafuni anatafuta ukuta wa kushika.

Sasa, ninyi walimu na wewe unayesoma, mmenitoa jasho na mnanidai. Ukipita kwa Perepetwa kununua mkeka, usisimame uani kungoja. Shuka wewe kwanza. Mwanamume au mwanamke, na suruali yako ya kupigwa pasi, piga magoti pale vumbini, umuulize habari zake hadi ziishe. Halafu uinuke, na ukisikia kuinuka kulivyo kwepesi, uende ukamtekee maji.